Mitungi ya Uvunguni

Kaka Abdou,

Walikuosha kwa sabuni yako mwenyewe. Nilifika Moroni nimechelewa, umeshazikwa, na mzee aliyekuosha ndiye aliyenisimulia. Madukani sabuni hakuna, wifi akampa kile kipande chako cha kijivu. "Ilitoa povu zuri, bibi Zaina," akaniambia. "Mliipata wapi?" Nikalia. Ningemwambiaje kwamba ilitoka kwenye kitu kile kile walichokuulia?

Unakumbuka uliporudi kwetu Mutsamudu, bendera mpya ya uhuru ndiyo kwanza imepandishwa? Tulisimama kwenye kiwanda cha mbata, wanawake wanapasua nazi, maji yake yanakwenda mtaroni. "Mbata inapanda meli," ukasema, "sisi hata mafuta ya taa ya kibatari tunakopa." Ukaniambia kuna kuvu, ukungu mweupe uliousomea ng'ambo, ukiunywesha maji hayo unajaa mafuta. "Ni mbuzi asiye na miguu, Zaina. Mlishe tu, atanenepa." Nilikucheka mpaka nikaketi chini. Na ile sabuni ya kwanza uliyoipika kwa mafuta yake, jamani! Mama aliitupa nje, hata kuku wakaikimbia.

Ya pili ilikuwa sabuni kweli.

Kisha serikali ikafunga ofisi, wafanyakazi wakarudishwa makwao, nawe ukaibeba mitungi yako ya ukungu kutoka maabara ya serikali ulikokuwa ukifanya kazi Moroni hadi nyumbani kwako Magoudjou. Ukaiweka uvunguni mwa kitanda kwa sababu pale pana ubaridi. Ni hilo tu, ubaridi. Vijana wa kamati ya mapinduzi walipopita nyumba hadi nyumba wakisaka wachawi, waliivuta mitungi wakaona manyoya meupe yanaelea majini. Wifi anasema uliwaeleza yote, ukungu, sukari ya maji ya nazi, mafuta, nao wakazidi kukuuliza hizo ni nywele za nani. Wakavunja kila mtungi. Wakakunyoa kichwa, wakakutembeza juani mpaka sokoni huku wakipiga mabati. Ulirudi na homa, hukuinuka tena. Anasema uliuliza kama kuna mtungi uliosalimika.

Hitima yako tulisoma ndani, mlango umefungwa, hata sahani ya wali hatukuthubutu kupitisha. Wifi amebaki na mama yake. Binti yako Eshata nimemchukua, maana kule kisimani watoto walimwita binti wa mchawi. Nilidhani huku kisiwani kwetu, Mutsamudu, atapumua. Jina hilo lilivuka bahari kabla yetu. Jirani yetu wa mkono wa kulia sasa ananisalimia akiwa kwake ndani.

Nina hasira nao, kaka. Na wewe pia nina hasira nawe. Mtu wa maabara, msomi mzima, unafichaje kazi yako kama sufuria ya wizi? Ungeiweka barazani, wangeizoea. Nakusema hivi halafu usiku nakuona na kichwa kile kilichonyolewa, na hasira yote inaniisha.

Mtungi upo mmoja. Ule ulioniachia mimi Ramadhani iliyopita. Niliporudi niliufungua, nikaukuta mzima, mweupe, umenona. Sasa naenda kwenye mtaro wa kiwanda na ndoo yangu, Eshata ananishikia kitambaa cha kuchujia. Juzi tulianika ukungu, tukautwanga, tukauchemsha uani, mlango wa njia wazi. Watu walisimama kutazama. Jirani naye alisogea, akachungulia sufuria, akaona mafuta yakielea. Jioni alimtuma mjukuu wake kuomba kipande cha sabuni ya kufulia, nami nikampa kikubwa, cha pishi lililotangulia.

Sijui kama hiyo inatosha. Kamati ipo hapa pia.

Lakini uchochoro wetu hauoni jua, wajua mwenyewe, ubaridi wake unatosha. Mtungi nimeuweka dirishani, upande wa wapita njia. Eshata amejifunza maneno yako yote, hata ya mbuzi asiye na miguu. Wakija, atawaeleza yeye. Wakitaka kuvunja, wavunje mchana, watu wakiona ni nini.

Lala, kaka yangu. Mtungi uvunguni haurudi tena.

Dada yako,
Zaina