Herufi za Ubao wa Baba

Nyumbani, juu ya duka la uchapaji,
Mlango wa tatu kutoka kona.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako, yule uliyembatiza Kiroboto. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kijiko kimoja? Mgongo wako nao, uliosema unakusumbua tangu uhamishiwe ghalani, umepata nafuu? Sisi huku wazima. Mama miguu inamvimba kidogo ikifika jioni, ila ulimi wake hauna uvimbe wowote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu, lakini haya niliyonayo nimeona hayasemeki kwenye simu. Wiki tatu zilizopita lori la saruji lilirudi nyuma mbele ya jengo likaugonga ubao wa Baba, ule unaosema Fundi Saa. Ukapasuka katikati, ufa ukaziharibu herufi za kati zisifae kunakiliwa. Wewe hujawahi kuuona, maana uliwekwa baada ya wewe kuondoka. Ni herufi za buluu, zimenenepa chini, na S yake imejikunja kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Sasa mwenye jengo anapaka rangi upya. Ametangaza kwamba asiye na bango ifikapo mwisho wa mwezi atawekewa la kwake, jeupe, lenye namba tu. Baba aliposikia hivyo alisukuma sahani, hakula. Miaka yote watu huelekezana kwenye zile herufi.

Nikajitia mjuaji. Si nafanya kazi ya uchapaji bwana? Nikapiga picha vipande vyote viwili, nikaviunganisha kwenye kompyuta, nikakata herufi moja moja na kuzipeleka kwenye tovuti inayotambua fonti. Unaipa picha, yenyewe inakutajia jina la aina ya herufi. Ikanitajia majina kumi na mawili, na hata moja halikuwa lenyewe. Fonti iliyokaribia kidogo ilikuwa ya kununua. Nikahangaika mpaka nikapata nyingine ya bure inayofanana nayo, iliyoruhusiwa hata kwa kazi za biashara. Nikaichapa kwa ukubwa wa ubao, nikaibandika mbele ya meza ya Baba.

Akavaa kile kioo chake cha jichoni, akaitazama kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. "Sizo," akasema, akarudi kwenye saa yake. Nikaleta nyingine. Sizo. Ya tano ilipokataliwa nikapandwa na hasira, Kaka, sikufichi. Nikamwambia wateja wanaleta saa zilizokufa, hawaji kukagua mikia ya herufi. Baadaye niliona haya.

Mwishowe nikaiweka picha kwenye jukwaa la wapenzi wa herufi mtandaoni. Kuna watu duniani hawana kazi nyingine, Mungu awabariki. Mmoja akanijibu kwa kifupi: ziangalie zile a mbili za Saa. Kwenye fonti, a ni ile ile kila unapoichapa. Hizi, ya kwanza ina tumbo na ya pili imekonda. Huo ni mkono wa mtu, akasema, usijisumbue kutafuta. Wiki mbili nzima nimetafuta jina la kitu kisicho na jina, na najiita mtaalamu!

Basi nikamfuata mchora mabango aliyeupaka ule ubao. Siku hizi macho yamemchoka, anakaa kwa binti yake nyuma ya gereji. Nilimsifia kazi yake, akacheka.

"Mimi pale sikubuni kitu," akaniambia. "Baba yako alinijia na daftari la shule. Akasema nakili hivi hivi, usinitengenezee. Nikamuuliza, kazi ya nani hii? Akasema, ya mtu ninayemjua."

Daftari lenye jalada la kijani, Kaka. Lako. Lile ambalo Baba alikuambia amelitupa jalalani, siku ile mlipokosana, aliposema kuchorachora si kazi ya mtu mwenye akili. Mchoraji anakumbuka hata hesabu zako zilizokosewa nyuma ya ukurasa.

Nililia pale pale kwenye benchi la watu. Halafu nikakasirika. Miaka kumi na moja mnapitishia salamu kwangu kama mimi ndiye posta, na huku mzee anapita chini ya mwandiko wako kila asubuhi!

Niliporudi nilimwambia Baba kwamba nitakuandikia wewe, uchore upya. Hakukubali, hakukataa. Aliendelea tu kupuliza vumbi kwenye saa isiyo na vumbi. Daftari liko wapi, sijathubutu kumuuliza.

Kwa hiyo nakuomba, chukua kalamu. Chora kwenye karatasi yoyote, piga picha unitumie kwa simu, na mimi nitaikuza na kuisafisha hapa. Usininyooshee kitu. Ikitokea a moja ina tumbo, iache na tumbo lake.

Mama anakusalimu sana na anataka kujua kama unakula. Shangazi naye anakusalimu, anasema umemsahau, ingawa simu yako ya mwisho ni yeye ambaye hakuipokea. Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na mapacha wafinye mashavu. Mungu awalinde nyote, akupe kazi isiyoumiza mgongo na nyumba yenye vicheko.

Baba hajaniambia nikusalimie. Asubuhi hii ameniwekea karatasi mezani yenye vipimo vya ubao mpya, na maneno anayoyataka: Fundi Saa na Wanawe. Ule wa zamani haukuwa na w wala e, Kaka. Hizo hakuna pa kuzinakili, ni wewe tu.

Wako akupendaye, niliyekaa na simu mkononi,
Kiroboto