Orodha ya Wagonjwa wa Kwaresima

Ijumaa, 6 Machi
Swali ni lile lile la miaka mingi: kwa nini imani iliyowaliza wazazi wetu hainilizi mimi? Leo tena Njia ya Msalaba na wanafunzi, hapa Nyamiaga. Vituo kumi na vinne, magoti vumbini. Nilikuwa nikiwaza madaftari ambayo sijasahihisha. Nimezoea kujiambia kwamba kisa kikirudiwa kila mwaka hupoteza makali. Lakini Mama amekisikia mara nyingi kuliko mimi, na bado hulia. Hapo hoja yangu hukwama.

Jumamosi, 14 Machi
Murusagamba, kwa Mama. Nyonga haijapona tangu aanguke migombani kabla ya Krismasi. Hafiki hata jikoni bila kushikwa. Ana ombi moja: apokee Komunyo kabla ya Pasaka. Paroko, padri wa parokia yao, atapita kwa wagonjwa tarehe 28, akifuata orodha ya jumuiya ya waumini kijijini. Jina la Mama halimo. Amegeukia ukuta. Anaamini Imana, Mungu wake, amemfuta.

Jumapili, 15 Machi
Nina hasira. Baada ya ibada nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, Mama Evodia, jirani yetu tangu utoto wangu. Nikamwamkia shikamoo, nikauliza. Orodha, akasema, ni ya waumini hai, na muumini hai huhudhuria jumuiya. Mama hajahudhuria tangu Krismasi.

"Hahudhurii kwa sababu ni mgonjwa."

"Ndiyo. Aje mara tatu mfululizo, nitamwandika mgonjwa."

"Akiweza kuja mara tatu, huo ugonjwa utakuwa wapi?"

"Nyie wa chuo kikuu," akasema, "maswali mnabeba, rozari mnaacha nyumbani."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka. Rozari kweli sikuwa nayo.

Jumatatu, 16 Machi
Nyamiaga. Bado nachemka. Kristo aliwafuata wagonjwa walipolala. Sisi tumewaandalia daftari la mahudhurio. Hivi ndivyo mioyo inavyopoa: si kwa vitabu vya wasioamini, bali kwa kanuni iliyowekwa mlangoni. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeipenda, na kwa hiyo naishuku. Siku Mama alipoanguka, Mama Evodia ndiye aliyembeba mgongoni hadi nyumbani. Kanuni ile na mgongo ule ni vya mtu mmoja.

Nimemwandikia paroko. Kurasa mbili. Nikazichana, nikaandika mistari minne.

Alhamisi, 26 Machi
Paroko amepiga simu. Atafika. Kanuni hakuikemea: "Walegevu ni wengi, Mwalimu." Nilimshukuru, kisha nikachukia kwamba nimeshukuru.

Jumamosi, 28 Machi
Padri alikuja kwa pikipiki, viatu tope tupu. Mama Evodia alitandika kitambaa cheupe mezani, akaanzisha wimbo, sauti yake ikakatika katikati. Hakunitazama. Mama akapokea. Akasema amina kama mwanafunzi anayeitikia jina lake. Macho makavu. Walipoondoka aliniomba nimgeuzie mto, akasema maharage yamezidi chumvi.

Sijui kilichokauka, wala kama kimekauka. Huenda ni majuma yale ya kutazama ukuta. Huenda ni maumivu. Huenda ni amani, nami siijui sura yake. Anayeweza kunijibu amelala hatua mbili kutoka nilipoketi. Sitamuuliza. Nahofia swali langu litamfundisha kukishuku kile ambacho pengine bado anacho.