Kwa Mama, Aliyemsimulia Baba Sinema za Zamani

Saa moja asubuhi ya leo, mwaka mmoja kamili tangu ulipotuaga, Mama, tumefungua madirisha ya chumba chako na kukaa kuandika haya. Tunaandika tuliyoyaona tu. Ungetukemea tukiongeza chumvi.

Ulikuwa mkunga. Ulizalisha wasichana ambao wenyewe ulikuwa umewapokea wakizaliwa. Wodini hukupenda maneno mengi, na nyumbani taulo zilikunjwa kwa namna moja tu iliyokubalika.

Baba alikuwa dereva wa lori, na barabarani walimwita Breki. Presha ya macho ilipomaliza uwezo wake wa kuona, alijifungia chumbani, akaacha na kanisa. "Mimi na Mungu hatusalimiani siku hizi," alisema. Mchungaji alipokuja kumwombea, aligeukia ukutani. Hukubishana naye. Ulihamishia televisheni chumbani, ukaweka sinema nyeusi na nyeupe zisizo na sauti, zile mlizozitazama mkiwa wachumba, ukaanza kumsimulia.

Ya kwanza ilikuwa ya mchimba kisima. Ardhi kavu, majirani wamehama, yeye yumo shimoni na binti yake ameshika kamba juu. "Huyu ni Isaka," ulimwambia Baba. "Walimfukia visima, akachimba vingine." Kamba ilipokatika ukaishia hapo, ukainuka, ukaenda jikoni.

"Mke wangu! Ametoka?"

"Njoo huku nikwambie."

"Unajua sioni!"

"Kwani jikoni kumehama?"

Alikuja akipapasa ukuta, akajigonga kwenye meza, akaropoka neno lisiloandikika hapa. Ukamwambia kwamba Paulo alisema tunaenda bila kuona. Hakuahidi kwamba hatutagonga meza. Baba akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu augue.

Ukawa ndio mtindo wenu. Kila sinema uliikatisha pabaya, na kila mwisho ukausogeza mbali zaidi: barazani, getini, kwa jirani, hatimaye kwenye benchi la kanisa. Tulipokulaumu kwamba unamtesa mgonjwa, ulijibu kikunga: "Mtoto hatangazwi kabla hajatoka. Imani ni ya katikati ya sinema. Mwisho ukishaujua, imani ya nini tena?" Macho hayakupona, na hukuwahi kumwahidi kwamba yatapona. Lakini kila Jumapili alikuwa ibadani, mkono wake begani kwako.

Ulipofariki alirudi chumbani, akafunga mlango. Tuliogopa kwamba safari hii hatatoka. Sinema ya mwisho uliyomsimulia ilikuwa ya nahodha aliyeingia kwenye ukungu, usukani umevunjika, mabaharia wanataka kujitupa majini. Uliishia hapo, kesho yake ukalazwa. Tulidhani kuusikia mwisho kungemtuliza. Mkamwana wako akaiweka, akaanza kusimulia.

"Zima," Baba akasema.

"Baba, imebaki kidogo tu, nahodha anapo..."

"Mwanangu, zima. Mama yenu aliniacha kwenye ukungu. Nimeendesha lori kwenye ukungu mara nyingi kuliko mnavyojua. Huulizi mwisho uko wapi. Unashika njia, unaenda taratibu."

Akaomba fimbo yake. Mkwe wako alipotaka kumshika mkono hadi kanisani, aliutoa. "Toka lini abiria akaendesha gari?" Hata hivyo alikubali tumfuate nyuma, na tulimfuata, Jumapili baada ya Jumapili.

Tunaokukumbuka ni mumeo, wanao watatu (mwalimu wa hesabu, fundi umeme na kitindamimba wako ambaye sasa ni muuguzi), mkamwana wako na mkwe wako, wajukuu wako, pamoja na mmoja aliyezaliwa baada yako, ambaye mikono mingine ilimpokea, mdogo wako, na wakunga wenzako wa wodi ya wazazi. Hutatoka midomoni mwetu wala katika sala zetu.

Lililobaki ni la Jumapili iliyopita. Tuliamka tukakuta Baba ametutangulia. Mzee wa kanisa aliyekuwa zamu mlangoni ametueleza walivyosemezana.

"Breki! Nani kakuleta?"

"Nimekuja."

"Peke yako?"

"Nani kakwambia nilikuwa peke yangu?"

Akaingia, akakaa benchi la mbele.