Hodi Kivukoni

Singida Mjini,
17 Julai 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na yule beberu mkorofi. Sisi huku hatujambo. Felista na mimba yake ya miezi mitano wanaendelea vizuri, ila vitunguu vikikaangwa hata nyumba ya tatu, yeye anatoka mbio.

Nimekupigia simu mara tisa hukupokea. Felista ameniambia hutaki kusikia sauti yangu, na kama nina neno niliandike. Basi naandika, ingawa tangu nimalize shule sijaandika barua nyingine zaidi ya kuomba kazi.

Mama, nisamehe kwa jambo la Jumamosi. Kazi yangu mpya unaijua: kuongoza watalii kwa baiskeli za umeme, kutoka Iguguno kupita kwenye mashamba ya alizeti na majabali, kisha kushuka bonde la Ndurumo. Siku ile nilikuwa na wageni sita, mimi nimetangulia. Kabla ya kuteremka kivukoni niliwaambia wanyamaze, maana korongo hutua pale dimbwini na kelele huwakimbiza. Tukateremka kimya. Tulipokata kona ya lile jiwe kubwa, korongo hawakuwepo. Mlikuwepo ninyi akina mama, mmetoka kupiga alizeti na vumbi lake linawasha, mnaoga. Aliyekuwa karibu na njia kuliko wote ni wewe.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha pili. Najua mwanaume akikaribia kivuko huita hodi toka juu, akasubiri kuitikiwa, ndipo ashuke. Marehemu baba alinifundisha hilo kabla sijajua kuhesabu. Lakini nimeendesha bodaboda miaka tisa, na pikipiki hujipigia hodi yenyewe, watu wanakusikia ukiwa bado mbali. Mdomo wangu ukasahau kazi yake. Hizi baiskeli hazina mlio kabisa, na ndiyo sifa tunayowasifia wageni.

Niligeuza uso palepale. Naapa sikuona kitu.

Mkweo,
Shukuru


Kivukoni, Ndurumo,
28 Julai 2024

Mkwe Shukuru,

Marahaba. Mimi sijambo kwa uwezo wa Mungu, kuku hawajambo, beberu amekula sabuni na bado anaishi. Macho ndiyo yananisumbua. Mbele naona vizuri, pembeni kuna ukungu, juzi nimejigonga mlangoni kwangu mwenyewe kama mgeni.

Usiape. Niliinua kichwa tukatazamana, na mimi nilikuwa kama nilivyozaliwa. Mkwe ambaye nikikutana naye njiani nampisha, na mbele yake sijawahi hata kutafuna! Wenzangu wananitania: "Mama Felista, mkweo alikuja kukukagua." Wanacheka, nacheka nao, nikifika nyumbani nalia. Kivukoni sijarudi. Naoga chumbani kwa kopo kama mgonjwa.

Hata hivyo macho hayana pazia. Umeona kwa sababu ulikuwa na macho, hilo naweza kukusamehe. Kwetu jambo hili lina dawa yake. Utaleta kitenge na kondoo jike. Utasimama juu ya mteremko, uite hodi. Nikiitika, yameisha na hakuna atakayeyataja. Nikinyamaza, geuza urudi ulikotoka. Mpaka siku hiyo tusionane, wala tusisikiane sauti. Mtoto akizaliwa kabla hatujamaliza, naye hataletwa kwangu, maana mjukuu wa kwanza huletwa na baba yake.

Lakini kwanza nijibu swali moja. Yule mgeni wako mwenye kofia nyekundu alikuwa ameinua kitu usoni. Alipiga picha? Nijibu kweli, mkwe wangu. Picha haigeuzi uso.

Mkweo,
Mama Felista


Singida Mjini,
2 Agosti 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Poleni na alizeti, nasikia mwaka huu zimejaa. Sisi wazima.

Swali lako nalijibu haraka ili upumzike. Hakupiga picha. Niliichukua simu yake nikaikagua mwenyewe.

Kondoo na kitenge nitaleta msimu wa wageni ukipungua, maana sasa hivi sipati hata Jumapili. Felista anasema usisahau ahadi yako ya kuja mwezi wa Novemba kumlea akijifungua. Amekwisha kukuandikisha kwa daktari wa macho hapa mjini, tarehe kumi na tisa ya mwezi huohuo. Kwa hiyo utakuja kumwangalia mtoto, na wewe uangaliwe.

Mkweo,
Shukuru


Kivukoni, Ndurumo,
20 Agosti 2024

Mkwe wangu Shukuru,

Marahaba, na salamu nyingi kwa mwanangu. Jibu lako limenitua mzigo. Jana nimekwenda kivukoni na wenzangu, nikaoga mpaka vidole vikakunjamana.

Novemba nitakuja, ila umlete kondoo kabla, nisije nikala kwako kwa kujificha nyuma ya mlango. Nimeanika mlenda, nimesaga uwele, asali nimeagiza. Nimenunua pia khanga ya kumbebea mtoto. Mwenye duka akaniuliza nataka yenye maneno gani, nikamwambia maneno nitamwambia mwenyewe, wewe nipe isiyochuja.

Mkweo,
Mama Felista


Kivukoni, Ndurumo,
6 Oktoba 2024

Shukuru,

Barua hii haina salamu.

Mwinjilisti Amosi alikwenda mkutano wa kanisa huko mjini. Pale stendi akapewa karatasi ya matangazo ya kampuni yenu. Juu imeandikwa Bonde la Utulivu. Chini kuna kivuko, kuna jiwe kubwa, kuna migongo ya wanawake watano. Wanne huwezi kuwajua. Wa tano ana kovu la moto begani. Kovu hilo Felista alikuwa akilichezea wakati ananyonya.

Amosi aliikunja ile karatasi akanipa huku anatazama pembeni. Mtu mzima na suti yake.

Kunikuta, ulinikuta kwa bahati mbaya. Kunidanganya, ulikaa chini ukachukua kalamu. Mimi nilisimama mbele ya wenzangu nikawaambia hakuna picha, mkwe wangu amekagua, turudini. Wamerudi kwa neno langu. Leo nimewaonyesha karatasi mimi mwenyewe, kabla hawajaonyeshwa na watu. Hakuna tena anayeoga pale. Bonde lenu limepata utulivu.

Novemba sitakuja. Kondoo usilete.

Luciana


Singida Mjini,
10 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza. Felista amelia siku mbili, na siku ya tatu amenihamishia sebuleni.

Sasa nasema kweli. Nilimwona yule mgeni akipiga. Nilimfuata nikiwa na neno la kumwambia mdomoni, afute, na sikulisema. Alikuwa rafiki wa bosi, na wiki ile bosi alikuwa anaamua nani apewe mkataba wa kudumu. Nikajiambia ataondoka na picha yake, itapotelea huko kwao, nani atajua. Barua yako ilipofika nikaona nikikiri utanichukia, nikidanganya utalala. Nikachagua kilichonifaa mimi nikakiita huruma.

Nimezikusanya zile karatasi, stendi, hotelini, maofisini, nikazichoma zote nilizopata. Bosi amekubali kutochapa nyingine, ingawa alisema ni migongo tu. Nimefunga kengele kubwa kwenye kila baiskeli. Siku hizi nawasimamisha wageni juu ya mteremko, naita hodi mpaka wananicheka. Chini hakuna wa kuniitikia.

Nakuomba jambo moja, tena si kwa ajili yangu. Njoo Novemba. Siku zote utakazokuwa hapa mimi nitahamia kwa rafiki yangu Kefa, hutaniona wala kunisikia nikikohoa. Felista anakuhitaji. Macho yako pia yanamhitaji daktari.

Shukuru


Singida Mjini,
30 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yangu ya Oktoba hukuijibu, na sikulaumu.

Mjukuu wako amezaliwa tarehe ishirini na sita, msichana, tumemwita Eliana. Ilibidi Felista apasuliwe. Alipokuwa anapelekwa chumba cha upasuaji alikuita wewe mara nyingi, mimi alinishika mkono tu kwa sababu ndio uliokuwepo. Wote wazima. Mtoto ana paji la uso la marehemu baba mkwe, pana, kama anafikiria jambo.

Tarehe kumi na tisa nilikwenda kwa daktari wa macho kukungoja, labda ungekuja kimyakimya bila kutuambia. Jina lako likaitwa. Hakuna aliyeitika.

Shukuru


Singida Mjini,
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi. Eliana ana miezi sita na nusu, ameanza kukaa, akianguka anatukasirikia sisi. Nilimwomba Felista amlete kwako bila mimi. Amekataa. Anasema wewe na mimi tuyamalize kwanza, yeye si bahasha ya kupitishwa huku na huku.

Jana Jumamosi nilikuja, ingawa ulinikataza. Mvua zilipokwisha na mto ukarudi mchangani niliona nikingoja ruhusa nitazeeka. Kondoo nilimfunga nyuma ya baiskeli kutoka Iguguno, na watu barabarani wakasema siku hizi hata kondoo wanatalii. Nilisimama juu, penye jiwe. Nilipiga kengele, nikaita hodi mara tatu kama baba alivyonifundisha. Paa la nyumba yako nililiona, na moshi wa jikoni niliuona, kwa hiyo nilijua upo.

Nikahesabu mpaka mia. Hukuitika.

Ulisema ukinyamaza nigeuze, nami nimegeuza. Kondoo nimemwacha amefungwa pale kwenye mti, kitenge nimekitundika juu yake. Si vya kununua msamaha. Vilikuwa vyako tangu mwaka jana, mimi nilivichelewesha. Sitakusumbua tena.

Shukuru


Kivukoni, Ndurumo,
22 Juni 2025

Mwanangu Shukuru,

Marahaba ya barua zako zote ambazo sikuzijibu. Anayeandika ni Mwinjilisti Amosi, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Mistari siioni tena. Jicho la kulia lilizimika mwezi wa pili. La kushoto lilianza kumfuata mwenzake siku za Pasaka, limebaki kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Felista akinipigia namwambia sijambo, nimemnyima hata kujua. Mwezi wa tano Amosi alinileta kwa daktari hapo mjini. Tulipita mtaani kwenu, nikasikia mtoto analia kwenye nyumba fulani, nikamwambia Amosi tusisimame, twende zetu. Daktari kasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Kasema ningewahi kama miezi sita nyuma, angeokoa sehemu kubwa. Nikahesabu kinyumenyume kwa vidole, nikafika Novemba.

Siyo wewe uliyenizuia kuja Novemba. Uliniandikia barua ya kweli ukaniomba nije, ukasema utahama nyumba yako. Niliisoma mara nyingi kuliko unavyofikiri. Hasira yangu ilikuwa haki yangu, lakini niliikumbatia mpaka ikanila mimi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi nimepewa vyote viwili ndani ya mwaka mmoja.

Sasa sikiliza habari ya Jumamosi ile. Nilikuwa jikoni napepeta mtama. Nilisikia kengele, nikadhani ni ya shule. Kisha nikasikia hodi. Niliitika, Shukuru. Hodi ya kwanza ile ile niliitika, ila sauti haikutoka, ilikuwa imezoea kukusema vibaya. Ya pili nikaitika ikafika mlangoni. Ya tatu nikaitika kwa nguvu zangu zote, na nguvu za mwanamke mzee hazifiki penye jiwe. Nikaona basi nitapanda mwenyewe. Nikashika ukuta, nikashika uzio, nikashika njia kwa miguu. Mteremko ule niliokuwa naupanda na ndoo kichwani huku nasengenya watu, siku ile niliupanda kwa magoti.

Nilipofika juu niligusa manyoya. Nikaita jina lako, kitu ambacho mkwe hafanyi. Ungekuja na ile pikipiki yako ya zamani ningesikia umeelekea wapi, ningepiga ukelele ukageuka. Sikusikia chochote. Nilikaa pale na kondoo wako mpaka jua likaacha kunichoma, nikifikiri labda umesimama tu mahali unanitazama, na unaona aibu kusema.

Kitenge nimekivaa. Amosi anasema ni cha kijani. Yameisha, hatutayataja.

Jumamosi ijayo njoo. Njoo na Felista, hiyo bahasha yetu, na kilichomo. Ukifika juu ita hodi, kisha usihesabu mia. Kaa chini juu ya jiwe, mshike mtoto asianguke, ungoje. Nitaitika, na usiposikia jua kwamba nimeitika na niko njiani napanda. Ile khanga bado haijafunguliwa. Nitamfunga mgongoni mwenyewe, na hilo paji la uso unalolisema nitalitafuta kwa vidole.

Mama yako,
Luciana