Yule Ajuza wa Sehemu ya Kumi na Nne

Dada yangu Zuhura,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote ila Bibi, hata mama hajui. Yule ajuza wa hadithi yako, mimi ndiye niliyekupa. Nakuandikia hapa kwenye kundi unapoirusha, kwa sababu wasomaji wako wamo humu na wao pia inawahusu.

Unakumbuka uani kwetu? Wewe ukikuna nazi, mimi nikichambua mchele, ukinisimulia ufalme ulio chini ya mwamba, ambao mlango wake hufunguka maji ya bamvua tu, yanapokupwa mbali kabisa. Nilikuwa nakuuliza, "Kisha?" Unanijibu, "Kisha chambua mchele."

Ulipokwenda Dar es Salaam ukaanza kuiandika kwenye simu, nimeisoma yote mara tatu. Sijawahi kukuta hadithi nyingine yenye binti mfalme anayejua kukausha pweza. Mapanga, mapenzi, farasi wa majini, halafu ghafla panaanza kunuka kaburi, nami nautazama mlango. Hiyo unaiweza. Lakini kwa kuwa nimekasirika, nitasema na mengine. Sehemu ya nane binti mfalme alikatwa mkono wa kushoto. Sehemu ya kumi na moja anasuka nywele kwa mikono miwili. Theluji inaanguka juu ya mikoko na hakuna anayeshangaa. Ukikwama, unamfufua mtu. Hayo nilikusamehe, ni makosa ya hadithi.

Sehemu ya kumi na nne si kosa la hadithi.

Nilikutumia sauti nikikueleza Bibi anavyomwita pweza shimoni: "Toka baba, wageni tumefika." Ulicheka, nami nikacheka. Ukayachukua maneno hayo, na mtandio wake wa kijani, ukampa ajuza anayemeza watoto. Hukubadilisha hata neno moja. Hapa kijijini nani asimjue? Watoto wa darasa la tatu walimfuata njiani wakiimba, "Toka baba, toka baba." Nilikuwa pale na begi langu la shule, nikanyamaza.

Unajua kwetu mwanamke haendi mwambani peke yake. Macho yako yako shimoni, mwenzio ndiye anayetazama maji yasije yakajaa yakakuzingira. Bi Mwanahawa amekuwa mwenzi wa Bibi tangu hatujazaliwa. Mwamba ulipokaribia kufunguliwa, baada ya miezi mitatu ya kuwaacha pweza wakue, alikuja kusema mguu unamuuma.

"Upi?" Bibi akamuuliza. "Maana juzi harusini ulikuwa unacheza na yote miwili."

"Wanangu wamenikataza, shoga. Usiniulize."

Bibi hakuelewa. Mimi nilielewa. Siku mbili nilimtazama akizunguka nyumba za watu kutafuta mwenzi, kila nyumba wana udhuru. Siku ya tatu nikamsomea sehemu hiyo.

Alisikiliza akisuka ukili wa mkeka, hata akaniuliza kama binti mfalme ataolewa. Tukafika mtoto anapomezwa.

"Mzima mzima? Hata hakumpika?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikasoma maneno ya yule ajuza, na mkono wake ukasimama.

"Maneno yangu haya Zuhura kayapata wapi?"

"Kwangu, Bibi."

Akauweka ukili chini, akaingia ndani.

Nimejikasirikia, ila wewe nimekukasirikia zaidi. Mimi nilikupa kwa sababu nampenda. Wewe uliona anafaa. Unajua kutisha, dada. Ungeshindwaje kumtunga wa kwako? Ifute sehemu hiyo, na uandike humu humu kwamba bibi yetu si huyo. Mpaka hapo sisomi sehemu nyingine, na najua nitatamani kuisoma, na hilo nalo linanikasirisha.

Kaa salama huko. Mama anakusalimu, hajui kama nakuandikia.

Jumamosi mwamba ulifunguliwa. Nilivaa raba zako za zamani, nikatoka na Bibi. Tuliwakuta wanawake wamekusanyika ufukweni. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kwa sauti, mimi ambaye huwa napita nikiangalia chini, na Bibi akanisubiri nimalize. Wengine waliitikia. Bibi alivua bila kumwita pweza hata mara moja, mimi nikatazama maji. Tulirudi na pweza watatu, nikaoga, nikakaa kukuandikia.

Mdogo wako