Sauti ya Mama Mkwe wa Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Pweza ana mioyo mitatu. Nimesikia leo kwenye kipindi cha wanyama. Mitatu! Na mimi huu mmoja tu, siku nyingine nasahau kama ninao. Wamemwonyesha akibadilika — akikaa kwenye jiwe, jiwe. Akikaa mchangani, mchanga. Chai ilinipoa mkononi. Nakipa kipindi alama tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya muziki, wanapiga kama kuna msiba.

Msomaji mpya wa taarifa ya habari anasoma kama anakimbia mvua. Baba hampendi. Baba hutazama taarifa tu, basi. Anaketi wima, vifungo vyote vya shati vimefungwa, kama bado ni karani wa mahakama na hakimu yuko njiani. Vipindi vyangu vingine vyote anaviita kelele. Taarifa ikiisha, huyo chumbani kwake.

Keshokutwa saa kumi na mbili na nusu jioni inaanza tamthilia mpya. Ya nje, imetiwa sauti za Kiswahili. Sina matumaini. Hizi za kutiwa sauti, mdomo umeshafunga na maneno bado yanatoka.

Jumatano, 5 Machi

Nafuta niliyoandika juzi.

Inaitwa Ghorofa ya Saba. Binti muuza maua kaolewa na watu wenye nazo, wanaishi ghorofa ya saba, na lifti ni mbovu tangu dakika ya kwanza. Hadithi yenyewe tumeshaiona mara mia. Bwana harusi ana ndevu za kutisha na sauti ya mtoto wa chekechea. Lakini huyo mama mkwe! Kafungua mlango, kamtazama binti wa watu toka unyayo hadi utosi, kisha kasema polepole: "Karibu, mwanangu. Viatu acha nje. Na maneno yako yaache hapohapo."

Hakupaza sauti hata kidogo. Nywele za mikono zilinisimama. Mwigizaji mwenyewe ni mwanamke wa nchi sijui ipi, shingo ndefu kama mbuni, na bado Kiswahili kile kimemkaa kama alizaliwa nacho.

Baba alipita sebuleni kufuata miwani yake. Akasimama kidogo. Akaondoka bila miwani.

Alhamisi, 6 Machi

Mwandiko wangu leo ni wa kuku.

Kliniki yetu ya meno ilijaa. Watu kumi na mmoja kwenye viti, kila mmoja ameshika shavu lake. Mimi nipo mapokezi, televisheni nimeipa mgongo, naandika kadi za miadi. Saa nne yakaanza marudio ya Ghorofa ya Saba. Sikuwa natazama, nasikia tu. Mama mkwe akawa anamwita mtumishi wake: "Uko wapi wewe? Njoo uone."

Nikajibu, "Nakuja, Chiriku."

Kwa sauti. Mbele ya wagonjwa. Mzee mmoja aliyeshika taya akageuka kunitazama.

Chiriku ni mdogo wangu. Nyumbani kwetu sauti yake haijasikika miaka sita.

Nikageukia televisheni. Yule mwanamke wa shingo ndefu. Nikafumba macho — Chiriku. Ile pumzi fupi anayoivuta puani kabla ya neno kali. Marehemu mama alikuwa nayo, Chiriku akairithi, mimi ikanipita. Nikafumbua: mgeni. Nikafumba: mdogo wangu. Nikaendelea hivyo mpaka daktari akatoka na glovu mkononi, akaniuliza kama nina usingizi.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Nimetazama tena, safari hii nikiwa na kalamu ya kunakili majina yanayotokea mwishoni mwa kipindi. Yanapita mbio, hata mwizi hakimbii hivyo. Sikuambulia kitu. Sihitaji. Ni yeye.

Acha niandike, maana sijawahi kuandika popote.

Chiriku aliiga watu tangu anajifunza kuongea. Muuza mkaa, mwalimu mkuu, jirani mwenye kigugumizi — ukifumba macho, wamekaa nawe. Miaka sita iliyopita tulikuwa kwa shangazi, ndugu wamejaa. Akamwiga baba anavyotugombeza nyumbani, kama anasoma hukumu. Kukohoa mara mbili. Kufuta miwani. "Mahakama imesikia, na mahakama imechoka." Watu walicheka mpaka wakashikana. Mlango ukafunguka, baba amesimama. Kimya kikatanda. Na Chiriku, kwa woga tu, akacheka peke yake.

Baba akasema, "Nilidhani nalea mtoto. Kumbe nimelea watu wa kunicheka."

Baada ya wiki mbili Chiriku alihama na sanduku moja. Baba anasema, yeye ni mtoto, arudi mwenyewe. Chiriku alimwambia shangazi, baba aniite. Kila mmoja ameshika kamba yake upande wake. Mwanzoni alinipigia. Kisha akaacha. Hakukosea, kwa sababu siku ile nilikuwepo na sikufungua mdomo.

Na kuna hili. Nani alimwambia amwige baba? Ni mimi. "Fanya ya baba," nilisema. "Fanya ile ya hukumu."

Jumapili, 9 Machi

Wikendi hakuna tamthilia. Shindano la kuimba. Jaji mwenye kofia anamwambia kila mtu "una kitu", hasemi kitu gani. Msichana aliyeimba bila ala alistahili kushinda, wakampa mvulana wa mabega mapana. Alama nne.

Baba, bila kuinua macho kwenye gazeti: "Kile kipindi cha kelele leo hakipo?"

Nikasema mpaka kesho.

"Nauliza tu."

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandikeje. Leo mama mkwe amegombana na yule mtumishi mzee, kibibi cha watu kinachokokota miguu. Dakika tano nzima. Huyu anachoma kwa maneno, yule analia kilio cha mtu mzima, kile cha kumeza. Nilikuwa nimeshika shingo yangu mwenyewe. Na katikati ya kilio — ile pumzi ya puani.

Wote wawili ni yeye! Amejigombeza mwenyewe, amejililia mwenyewe, na nimewahurumia wote wawili. Mtu mmoja. Nimekaa miaka yote natazama vipindi, natoa alama kama mwalimu, na sikujua binadamu anaweza hivyo. Tena mtu niliyelala naye kitanda kimoja, akinivuta shuka.

Baba alikuwa mlangoni. Hajui kwamba kioo cha kabati kinamwonyesha.

"Yule bibi na yule mtumishi ni mtu mmoja," akasema.

Nikasema, "Umejuaje, baba?"

"Miaka thelathini na moja nimeandika maneno ya mashahidi. Sauti siisahau."

Alikuja, akavuta kiti, akaketi. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya nne baba anatazama na mimi. Matangazo yakianza anakwenda kunywa maji, yakiisha amesharudi, sijui anajuaje.

Kliniki leo nimecheka. Mama mmoja, shavu limevimba kama amehifadhi ndimu, zamu yake ikafika akakataa kuinuka. Mama mkwe alikuwa anakaribia kumfukuza yule binti. "Jino limeniuma wiki mbili," akasema, "litaniuma na dakika kumi." Daktari akatoka kumfuata, na yeye akasimama hapohapo kutazama. Mwishoni wote walikuwa wametazama juu, midomo wazi, hata kumrahisishia daktari kazi.

Nikasema, "Huyo anayemsemea ni mdogo wangu."

Mara ya kwanza nimelisema kwa mtu. Yule mama alinitazama kwa heshima kubwa kuliko ninavyostahili. "Basi mwambie asimfukuze mtoto wa watu."

Nikasema nitamwambia. Nimeongopa. Namba yake sina.

Jumatatu, 17 Machi

Siye.

Mama mkwe kafungua mdomo, na sauti nyingine ikatoka. Safi, ya kusomea tangazo la sabuni. Mtumishi naye kabadilika. Neno lilelile la kufukuza, na halikuuma mahali popote. Nilidhani televisheni imeharibika, nikaongeza sauti.

Baba alisimama kabla ya tangazo la kwanza. "Siye," akasema. Akaenda chumbani. Taarifa ya habari haikumtoa huko.

Jumanne, 18 Machi

Bado siye.

Baba hakumaliza chakula. Alikizungusha kijiko, kisha akasema, "Kesho piga simu kituoni kwao."

"Niulize nini, baba?"

"Uliza kama ni mzima."

Nikaona nikinyamaza sasa nimenyamaza milele. Nikamwambia. Siku ile kwa shangazi, nilimwomba mimi. Chiriku hakutaka hata, alisema baba yuko karibu. Mimi ndiye nilisukuma.

Baba alikunja kitambaa cha meza pembe kwa pembe.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango tangu unamwomba, hata hajaanza kukohoa."

"Kwa nini basi hukuniambia?"

"Kwa sababu alinipatia mno. Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Nikasema, hivi ndivyo ninavyoongea na wanangu?" Akainuka. Mlangoni akageuka. "Kosa si la yule aliyenionyesha. Nimelijua muda mrefu. Kulijua na kulisema ni vitu viwili."

Nimebaki na sahani mbili na maji ya kuoshea yamepoa.

Jumatano, 19 Machi

Nilipiga simu kutoka kliniki, katikati ya mgonjwa wa kuziba na mgonjwa wa kung'oa. Kituoni wakanirusha kama mpira: matangazo, vipindi, mlinzi. Mlinzi ndiye aliyekuwa na akili. Akasema sauti hutiwa kwenye studio nyingine, akanipa namba.

Fundi mitambo wa huko akapokea. Nikasema namtafuta anayemsemea mama mkwe wa ghorofa ya saba. "Wewe nani wake?"

"Dada yake. Mkubwa."

Akaniambia. Ameumia nyuzi za sauti, zimeota vinundu. Alikuwa anabeba wahusika saba kwenye hadithi moja. Saba! Mtoto wa jirani ni yeye. Hata yule muuza magazeti mwanamume ni yeye. Daktari wa koo amemkataza kusema wiki tatu, hata kunong'ona hairuhusiwi. "Akivunja," fundi akasema, "hataongea tena vile."

Hakunipa namba yake. Akasema atamfikishia yangu, aamue mwenyewe. Ni haki yake.

Nilimuuliza daktari wetu. Akasema yeye ni wa meno, koo si mtaa wake, ila akinyamaza kweli huenda akapona.

Baba nilimweleza neno kwa neno. Akauliza mara mbili, "Hata kunong'ona?"

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe ulikuja saa tisa alasiri, namba nisiyoijua. Nilikuwa natafuta kadi ya mgonjwa.

"Dada. Siwezi kuongea. Kusikia naweza."

Maneno manne na jina langu la nyumbani. Nimeyasoma mpaka kioo cha simu kikazima, nikakiwasha, nikasoma tena. Daktari akaniruhusu niondoke mapema.

Baba alikuwa amekaa sebuleni, televisheni imezimwa. Nikampa simu asome. Alifuta miwani, akasoma, akairudisha mezani taratibu kama kikombe kilichojaa.

"Mtu asiyeweza kujibu," akasema, "unampigiaje?"

"Unaongea wewe, baba. Yeye anasikiliza."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

Alivuka sebule mara tatu. Nikamwandikia Chiriku: baba anataka kukupigia, ukiwa tayari gonga simu kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Usifungue mdomo. Akajibu: "Apige."

Nikabonyeza, nikaweka sauti ya juu, nikaiacha mezani. Ikaita mara mbili. Ikapokelewa.

Hakuna kitu. Kelele ya feni mahali fulani. Halafu pumzi.

Baba alikohoa. Nimemwona mtu huyu akizika mke na hakukosa maneno. Sasa ameshika ukingo wa meza.

"Chiriku," akasema. "Ni mimi. Unanisikia?"

Tok.

Akakaa chini. Akavuta kiti karibu na simu, karibu zaidi, mpaka kidevu kikafika juu yake. Nikadhani ataomba radhi, au atamwambia aje. Hakusema lolote kati ya hayo. Akasema, "Jumatatu wameweka mtu mwingine. Nilijua kwa neno la kwanza. Yule bibi anasema 'toka', na huyu mpya anasema kama anamwelekeza mtu choo. Wewe usingesema hivyo. Wewe ungengoja kwanza. Sehemu ile ya Jumanne ya wiki iliyopita, mtumishi alipolia, mimi…"

Hapo nikatoka. Haya hayakuwa yangu kusikia.

Naandika nikiwa jikoni, daftari kwenye ubao wa kukatia vitunguu. Saa kumi na mbili na nusu imepita, hakuna aliyewasha televisheni. Ukutani sauti ya baba inapita, maneno siyashiki, ila naijua: si ile ya hukumu. Sijawahi kuisikia. Mara anakatika, panakuwa kimya kirefu, nami nasimama nikidhani wamekata.

Tok.

Anaendelea.