Papa Rashidi, Nilikosea Lebo ya Chini

Papa Rashidi,

Tangu tukuzike, kazi ya ruta zote za kampuni, mitambo inayoelekeza intaneti ya wateja, imebaki kwangu peke yangu, na ninaogopa. Ulinifundisha miaka minne, lakini hukunifundisha kukosa pa kuuliza.

Unakumbuka siku ya kwanza? Sikuelewa kwa nini pakiti moja ya data ibebe lebo mbili, moja juu ya nyingine. Ukanipeleka bandarini kwenye magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, ukanionyesha vibandiko vyake. Lebo ya juu, ukasema, ni ya safari: kila ruta ya njiani inaisoma, inaibandua, inabandika nyingine, haigusi ya chini. Safari ikikaribia kwisha, ya juu inaondolewa. Hapo ndipo ya chini inasomwa, nayo inaonyesha mlango wa mteja. "Ya juu inafikisha ku muji," ulisema, "ya chini njo inajua mwenye mali." Kisha ukanunua ndagala wa kukaanga, ukawala wote peke yako.

Juma lililopita umeme ulikatika, na ruta ya mji wa Manono ikaamka imesahau kila kitu. Nikaandika upya jedwali la lebo kutoka hapa Kalemie. Wewe ulikuwa ukinilazimisha kuzisoma za chini kwa simu, namba kwa namba, fundi wa upande wa pili akizirudia huku ameshika waya wa mteja. Safari hii kulikuwa na mapigano huko, na simu ya fundi haikupatikana. Nikajiambia nimezizoea.

Lebo ya ofisi inayoandikisha wakimbizi wa kambi ya Katanika, hapa kwetu, niliifungia mlango wa mteja mwingine: yule mwenye malori, ambaye watu wananong'ona kwamba analisha wenye bunduki. Kila kitu kilionekana kizima, Papa. Lebo za juu zilikuwa sahihi na taa zote kijani. Anwani za ndani za wateja hao wawili zinafanana, kwa hiyo orodha ya wakimbizi ilipotumwa kwenye ofisi yao ya Manono kuchapwa, ilitoka kwenye mashine ya mwenye malori. Majina, vijiji walivyokimbia, hema wanamolala. Leo asubuhi ofisi ya Manono imeuliza orodha iko wapi, ndipo nikagundua. Mlango nimeurekebisha. Karatasi siwezi kuzirudisha.

Shefu wetu wa kazi hajui bado. Nikinyamaza, nani atajua? Nikisema, kazi imekwisha, na mwenye malori anajua nyumbani kwetu. Nisiposema, watu wale watalala leo katika hema zilezile.

Nakuahidi hili: nikimaliza barua hii naenda kwa shefu, kisha Katanika, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba majina yao yametoka na niliyeyatoa ni mimi. Sitasema ni mashine.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Papa. Ningependa uniambie nisiende.

Mwanao wa kazi,
Mapendo